Mnyama Anayefunga Mlango

Nurdini alipiga simu asubuhi nikiwa napanga vitenge mezani pangu sokoni Isevya, Tabora mjini. Nilipoona jina lake nilijiandaa kujibu matusi. Nurdini ni Mzaramo, sisi ni Wanyamwezi, na tangu alipoingia nyumbani kwetu hakuwahi kunisalimia bila kunichokoza kwanza. Siku nyingine angesema, "Wee mpagazi, mzigo umefika?" Siku hiyo alisema, "Dada Tekla, shikamoo."

Mimi na yeye ni rika moja. Hatujawahi kuamkiana hivyo.

"Kuna nini?" nilimuuliza.

"Umekaa au umesimama?"

"Sema, Nurdini."

"Kaka ametutoka. Shemeji Kabula amempelekea uji, amemkuta amelala. Hakuamka."

Nilikikunja kitenge nilichokuwa nimekishika, nikakiweka juu ya vingine, nikakinyoosha kona. Nikafanya ishara ya msalaba. Kisha nikauliza swali ambalo mfiwa mwingine asingeliuliza.

"Alimwona?"

"Hapana, dada. Kamera bado iko porini. Si alitukataza kuisogelea?"

Nikafunga meza, nikatafuta pikipiki ya kunipeleka kijijini Ntalikwa.

Niliyekuwa namuulizia ni muhanga. Ni mnyama mwenye mgongo kama wa nguruwe, masikio marefu kama ya punda, na pua ndefu ya kunusia mchwa ardhini. Kwetu Ntalikwa mashimo yake yako kila mahali, ng'ombe huvunjika miguu humo, lakini unaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila kumwona mwenyewe hata mara moja. Kaka yangu Adriano Masolwa alitumia sehemu ya mwisho ya maisha yake kumtafuta. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilianza kwa baba yetu.

Baba alikuwa mwindaji wa nungunungu. Kwetu hiyo ni kazi ya ukoo, ina ngoma yake na miiko yake. Mwindaji huingia shimoni kwa tumbo, mkuki mbele, kamba imefungwa mguuni. Kamba hiyo haishikwi na ndugu. Ndugu akisikia kishindo ndani huingiwa na hofu, huvuta mapema, na mwindaji hutoka mikono mitupu. Kamba hushikwa na mtani. Mtani atakucheka kwanza, ndipo akuvute.

Siku moja baba alitoka shimoni bila nungunungu. Alisema mbele kule ndani alikuta njia imezibwa kwa udongo mbichi uliosukumwa kutoka upande wa pili, na juu umeachwa upenyo mdogo wa kupitisha pumzi.

"Humu kuna mnyama amefunga mlango," alisema. "Ni muhanga."

Mzee Raymundi, jirani yetu, alikuwa pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni hiyo habari ilifika kilabuni: Masolwa ameingia shimoni, amekuta mlango, amepiga hodi, hakuitikiwa. Kuanzia hapo baba akaitwa Hodi. Aliitwa Hodi kisimani, mnadani, hata nje ya kanisa baada ya misa. Sisi tukawa watoto wa Hodi. Baba hakugombana na mtu. Aliacha tu kusimulia habari za porini, na kwa mtu aliyependa kusimulia kama yeye, hilo lilikuwa jambo kubwa. Tulipomzika, Mzee Raymundi alilia sana, maana walipendana, lakini hata katika kilio chake alisema, "Hodi ametuacha."

Adriano alirithi shamba, si uwindaji. Alilima mahindi, karanga na tumbaku kidogo. Kanisani alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, na alikuwa na tabia ya kurefusha neno la mwisho wakati wenzake wote wameshanyamaza. Alipenda kuuliza. Tukiwa wadogo aliwahi kumuuliza katekista kama mchwa walikuwa ndani ya safina, na kama walikuwamo, kwa nini haikuliwa. Katekista alimtuma kuchota maji.

Watu wa televisheni walipofika Tabora kutoka Dar es Salaam, walikuwa wanatengeneza vipindi vya wanyama wanaonyonyesha, kwa kufuata njia ya zamani ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji. Kila kipindi mnyama mmoja. Mtayarishaji wao, mama mmoja mpole, alisema hataki simba wala tembo, hao wamechoka kupigwa picha. Alitaka wanyama wanaoishi karibu na watu bila watu kuwajua. Katika kata yetu alitafuta mtu wa kuwaonyesha mashimo, akaelekezwa kwa mtoto wa mwindaji wa nungunungu. Ndivyo Adriano alivyompata Nurdini, mpiga picha, na ndivyo Nurdini alivyoipata familia yetu.

Siku ya kwanza, Adriano alimuuliza ametoka wapi.

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo mwenyewe."

Adriano akamvua kofia, akaivaa, akaingia nayo ndani. Kesho yake Nurdini alikamata jogoo wa Adriano uani, akamchinja, akampa Kabula ampike. Wale wengine wa Dar walidhani ugomvi umeanza. Kabula, mke wa kaka yangu, ndiye aliyewaambia watulie, huo ni utani, umeanzia kwa mababu waliobeba mizigo kwenda pwani.

"Babu yenu alifika kwetu na pembe ya ndovu begani, anahema, akaomba maji," Nurdini alisema huku akila.

"Akapewa ya chumvi," Adriano alijibu. "Ndiyo maana alitupa pembe akarudi mbio kwa watu."

Walianza na popo, kwenye miembe mikubwa ya njia ya zamani kule Kwihara. Mimi sikujua kwamba popo ananyonyesha. Adriano alinipigia simu kutoka chini ya miembe hiyo.

"Tekla, popo ana matiti."

"Acha maneno yako."

"Nimemwona kwenye kioo cha kamera. Mtoto amening'inia kifuani anavuta. Ana uso kama mbwa mdogo aliyeamshwa."

Nilimwambia kwamba katika Maandiko popo ametajwa pamoja na ndege. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mungu alimtaja pale alipomkuta, hewani. Hakusema hanyonyeshi." Tuliendelea na hoja hiyo Jumapili nzima, na paroko alipopita tukamuuliza naye. Alicheka, akasema atatujibu baada ya Pasaka. Hajatujibu.

Baada ya popo walipiga picha za komba, kisha nungunungu. Adriano akajifunza maneno ya kazi yao. Hakuwa mtaalamu, na mara nyingi alikosea. Aliwaahidi palahala, yule paa mkubwa wa pembe zilizopinda, mahali palipokuwa na ng'ombe wa mtu. Lakini alikuwa na subira, na wale watu walihitaji subira kuliko kitu kingine chochote. Kwa kipindi cha mwisho mtayarishaji aliuliza mnyama gani angefaa kufungia.

"Muhanga," Adriano alisema kabla hajamaliza kuuliza.

Jioni hiyo aliwasimulia habari ya baba na mlango. Nilikuwapo. Niliogopa watacheka. Mtayarishaji aliuliza tu, "Na mtu aliyemcheka bado yuko hai?"

"Yuko pale," Adriano alisema, akaonyesha kwa kidevu moshi wa jikoni kwa Mzee Raymundi. "Nataka aone. Mengine yote nawaachia ninyi."

Nyuma ya shamba la karanga, pale miombo inapoanzia, njia ya misafara inapita bado, ingawa sasa ni ya baiskeli na mifugo tu. Kando yake kulikuwa na shimo kubwa ambalo udongo wake ulionekana kuchimbwa karibuni. Nurdini akafunga kamera kwenye mti. Ilikuwa kisanduku kidogo kinachojiwasha chenyewe kitu kikipita mbele yake, mchana au usiku. Wao wakarudi Dar, wakamwachia Adriano kazi ya kutoa kadi ya kamera kila asubuhi na kutazama kilichonaswa katika kompyuta ndogo waliyomwachia. Kituo cha televisheni kilikubali kusubiri mpaka mvua zianze. Muhanga asipopatikana, kipindi cha mwisho kingekuwa cha pundamilia waliokwisha kupigwa picha kwingine.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Kila asubuhi, kabla sijafungua mzigo, kaka alipiga.

"Leo mpangaji mpya," angesema.

Tulijua wote kwamba muhanga huchimba nyumba, huhama, na wengine huingia. Lakini kuwaona wakiingia ni jambo jingine. Adriano alisema shimo lile ni kama nyumba ya vyumba vya kupanga mjini, mtaa wa Ng'ambo, huyu anatoka na ndoo, huyu anaingia na mkaa. Kwanza alikuja ngiri na wanawe. Watoto waliingia kwa kichwa, lakini mama aliingia kinyumenyume, makalio mbele, mkia umesimama.

"Kwa nini anarudi nyuma?" aliniuliza.

"Labda anaona aibu."

"Hapana. Fikiri."

Nilifikiri mchana kutwa nikiuza vitenge. Jioni nilimpigia, nikamwambia labda anataka meno yake yabaki mlangoni, adui akija akutane nayo. Alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Ngiri walipohama wakaja nguchiro, kundi zima, wakitoka shimoni kama wanafunzi waliofunguliwa mapema. Kisha nungunungu, akitembea kama mzee anayeburuza mkeka. Siku moja alikuja kalunguyeye peke yake, akanusa, akaona nyumba ni kubwa mno, akaondoka.

Mwenye nyumba hakuja.

Na kila jioni Adriano alibeba majivu ya jikoni, akayanyunyiza mlangoni mwa shimo, akayasawazisha kwa tawi. Baba alifanya vivyo hivyo, ili asubuhi asome nyayo. Nurdini alimwambia kwa simu kwamba kamera inatosha.

"Kamera inaweza kulala," Adriano alisema. "Majivu hayalali."

Mvua zilipokaribia, watu wa televisheni walirudi, nami nikaja kuwatazama. Mtayarishaji alitaka kuonyesha jinsi wawindaji wa zamani walivyoingia ardhini. Walichagua shimo jingine, la siku nyingi, lisilo na mnyama. Adriano alifunga kamba mguuni, akampa Nurdini ncha ya pili, akamweleza masharti: usivute kwa hofu, usiondoke hapa kwa sababu yoyote, kamba ikitikisika ndipo uvute.

"Leo Mnyamwezi nimemfunga mwenyewe," Nurdini aliwaambia wenzake. "Kilichobaki ni kumfikisha pwani."

"Utafika nimekubeba mgongoni," Adriano alisema, akaingia.

Tuliona soli za viatu vyake zikiingia, kisha hatukuziona. Nurdini aliendelea kutania kamba ile kana kwamba ni mtu, akiiuliza kama imekula. Mara ikatikisika. Alivuta. Adriano alitoka amejaa udongo, midomo imepauka, mkono kifuani.

"Umeuona mlango?" Nurdini alimuuliza.

"Nimeona nyota," alisema, na hakuweza kusema zaidi.

Hospitalini walituambia moyo wake umepanuka. Haukuwa ugonjwa wa siku ile. Ulikuwa umeanza zamani, shimo liliutoa nje tu. Daktari alikataza jembe, baiskeli na mashimo, akampa dawa. Adriano aliuliza kama moyo wa muhanga nao hupanuka kwa kuchimba. Daktari alisema hajui, na nikaona kwamba swali lilimfikirisha kweli.

Nilihamia Ntalikwa kwa muda kumsaidia Kabula. Jioni moja tulikuwa uani, Adriano kwenye kiti cha kamba, Nurdini akichambua karanga na kula nyingi kuliko alizochambua. Kabula alikuwa anasugua sufuria. Adriano alimwomba apeleke majivu kule shimoni, maana yeye hawezi tena kufika.

"Siendi," Kabula alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Majivu mimi huyamwaga wapi?"

"Nitajuaje? Jikoni ni kwako."

"Nayamwaga kwenye kihenge, wadudu wasiingie katika mahindi. Siafu wakija mlangoni, nawamwagia majivu. Mchwa wakipanda ukutani, majivu. Sasa huyo mgeni wako anakula nini?"

"Mchwa," alisema.

"Na nini?"

"Sisimizi."

"Basi," Kabula alisema, akaendelea kusugua.

Nurdini aliacha kutafuna. Adriano alimtazama mkewe, kisha akaanza kucheka, taratibu kwa sababu ya kifua.

"Umekaa na jambo hili tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunimalizia majivu."

"Na hukusema."

"Nilidhani ni dawa ya ukoo wenu. Mambo ya uwindaji mwanamke haulizi. Mama yako ndivyo alivyonifundisha nilipoolewa."

"Haikuwa dawa. Baba alikuwa anatafuta nyayo za nungunungu."

"Nungunungu anakula mizizi," Kabula alisema. "Majivu yanamhusu nini?"

Kwa hiyo miezi ile yote kaka yangu alikuwa akimwalika mgeni na kumwagia sumu katika chakula chake. Sijui kama ni majivu kweli yaliyomzuia. Mtayarishaji alisema inawezekana, na inawezekana pia harufu ya binadamu anayekuja kila asubuhi ilitosha. Kesho yake Kabula alikwenda na ufagio, akaufagia mlango wa shimo kama anavyofagia kwake. Mvua nyepesi ya kwanza ikanyesha, ikaosha kilichobaki. Nurdini akatia betri mpya na kadi mpya, na Adriano akatoa amri kwamba mtu yeyote asilikaribie shimo mpaka atakaposema mwenyewe. Kituo kiliongeza muda kidogo. Wenzake wakaondoka, Nurdini akabaki kwetu.

Jumapili iliyofuata paroko alikuja kumpaka mafuta matakatifu. Adriano aliitikia sala zote kwa sauti ile ile ya nne, akarefusha amina. Baadaye niliketi naye. Nilimuuliza kama anaogopa.

"Kidogo," alisema. "Lakini zaidi natamani kujua."

"Kujua nini?"

"Mungu alimwumba huyu mnyama, akampa nguvu za kuchimba nyumba ambayo watalala wengine, akamficha. Kwa nini amfiche? Nikifika nitauliza."

"Na asipopatikana huku?"

"Muhanga hatapungukiwa kitu," alisema. "Baba ndiye atabaki Hodi."

Nilirudi mjini siku mbili tatu kuangalia biashara yangu. Ndipo simu ya Nurdini ilipokuja.

Nilipofika nyumbani wanawake walishajaa ndani, wamekaa kwenye mikeka, Kabula katikati. Nililia nao. Kwaya ilikuja ikaimba jioni, na sauti ya nne ilipungua, kila mtu aliisikia ilivyopungua. Nurdini alipasua kuni, alichota maji, alifunga turubai, hakumtania mtu. Wazee walianza kunong'ona kwamba Mzaramo huyu hajui kazi yake, maana msiba bila mtani ni msiba wenye upungufu.

Asubuhi ya maziko, Kabula alimwita.

"Kaichukue kamera yenu. Aliyekataza ndiye huyu tunayemzika. Isije ikaibiwa."

Alikwenda, akarudi, akakaa nyuma ya jiko na ile kompyuta ndogo. Nilimpelekea chai. Alikuwa ameinama, amejifunika kichwa kwa koti ili aone vizuri. Nilimuuliza kuna nini.

"Dada," alisema, "nina kazi ya utani. Niache niifanye."

Misa ilisomewa uani. Baadaye jeneza likafunguliwa tukapita kumuaga. Alikuwa amevalishwa suti yake ya kwaya, rozari mikononi. Nilimgusa paji la uso. Tukamfunika, wanaume wakambeba kwenda makaburini kwetu, hatua chache kutoka shamba la karanga, ambapo baba amelala.

Kaburi lilikuwa tayari. Lakini pembeni yake, miguu imening'inia ndani, aliketi Nurdini. Alikuwa amevaa mabuti ya shamba ya Adriano na kofia yake ya nyasi. Paroko alipoanza sala, Nurdini akaitikia kwa sauti nene, akairefusha amina peke yake mpaka pumzi ikamwishia, kama Adriano. Mtu mmoja alicheka nyuma yangu. Halafu Kabula mwenyewe akacheka, machozi yanamtoka.

"Hazikwi mtu hapa," Nurdini alisema. "Huyu Mnyamwezi ananidai na mimi namdai. Aliniweka porini na nyoka. Aliniahidi palahala, akanionyesha ng'ombe wa mkwewe. Alinivua kofia siku ya kwanza."

Paroko ni mtu wa huku. Alifunga kitabu, akarudi nyuma hatua moja. Mzee mmoja wa ukoo akamwambia, "Mtani, tutakupa jogoo, inuka."

"Jogoo wake nilishamla."

Watu wakacheka waziwazi.

"Unataka nini basi?"

"Namtaka Mzee Raymundi."

Mzee Raymundi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando. Macho yake bado mazima, miguu ndiyo imechoka. Akaja na fimbo yake, amekunja uso, akidhani anatafutwa kutaniwa.

"Mimi nimekukosea nini, kijana wa pwani?"

"Hujanikosea mimi. Shikamoo, mzee. Keti hapa, utazame."

Wakamletea kigoda chake. Nurdini akamwekea kompyuta mapajani. Jua lilikuwa kali, kioo kinang'aa, nikavua kitenge changu cha begani nikakishika juu yao kama paa. Kwa hiyo na mimi niliona.

Picha ilikuwa ya kijivu, ya usiku. Shimo letu, na mlango umefagiliwa safi. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha pua ndefu ikaingia pembeni mwa picha, ikinusa chini, huku na huku, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Yakafuata masikio, marefu kuliko nilivyowaza. Kisha mgongo ulioinama na mkia mnene. Alisimama pale pale Adriano alipokuwa akinyunyiza majivu, akanusa sana. Akaingia. Tukaona mkia ukizama. Nikadhani imekwisha, lakini Mzee Raymundi hakuinua macho, naye Nurdini hakusogea. Ndani ya shimo udongo ukaanza kupanda. Ulisukumwa kutoka chini, ukaja juu kidogo kidogo, ukajaza njia, mpaka pakabaki upenyo mdogo upande wa juu. Udongo ukatulia.

"Rudisha," Mzee Raymundi alisema.

Nurdini akarudisha. Wakatazama tena. Jeneza liko chini kwenye miti yake.

Mzee Raymundi aliinuka kwa fimbo. Akatembea hadi kwenye kaburi la baba, akavua kofia.

"Masolwa," alisema. "Amefunga. Nimemwona akifunga."

Tangu utoto wangu sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Alikaa pale kidogo, midomo yake inacheza, kisha akarudi kwa watu, akamwambia Nurdini, "Haya, mtani. Turuhusu."

Nurdini akashuka ukingoni, akavua kofia ya nyasi, akaiweka juu ya jeneza. Wanaume wanne walishika kamba za kuteremshia. Adriano Mdogo, binamu yetu, alitaka kushika mojawapo, Nurdini akamwondoa kwa mkono. "Wewe ni damu yake," alisema, akaishika mwenyewe. Waliteremsha taratibu. Jeneza lilipogusa chini, watatu waliachia kamba zao. Nurdini aliendelea kushika yake, imelegea, akitazama chini. Hakuna aliyemharakisha. Kisha naye akaachia.

Paroko alinyunyiza maji ya baraka, akasali. Kabula alitupa udongo, watoto wakatupa, nikatupa na mimi. Wanaume wakashika makoleo, wakajaza kaburi, wakalisawazisha juu kwa mikono. Msalaba ukasimikwa, mashada yakawekwa kwa majina: mke, watoto, dada, kwaya, jumuiya. Wakaita watani, Nurdini akaweka la kwake. Tulisali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe. Baadaye tulirudi nyumbani, tukanawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni, tukaketi kula ugali na maharage pamoja na waliotusindikiza.